Maana na Wajibu wa Daraja za Mkanda Mweusi katika Karate

Makala hii inafafanua maana ya daraja za mkanda mweusi, ziitwazo dani, na wajibu unaoambatana nazo. Mfumo wa dani uliasisiwa na Kano Jigoro katika judo mwaka 1883. Funakoshi Gichin aliuingiza katika karate mwaka 1924. Dani ya kwanza huitwa shodani, yaani daraja ya kuanzia. Hivyo, aliyeifikia hajahitimu. Amekamilisha misingi na sasa anastahili kufundishwa kwa kina. Dani za juu huzingatia pia mchango wake katika kulea wanafunzi na kuhifadhi mtindo.

Nchini Tanzania, mtindo wa Goju-ryu ulianza kufundishwa na Nantambu Camara Bomani jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Mwasisi wa mtindo huo, Miyagi Chojun, alifariki mwaka 1953 bila kumtunuku mwanafunzi yeyote dani, ilhali wanafunzi wake waliendeleza mafunzo yake. Hali hiyo inadhihirisha kuwa wajibu hautokani na mkanda.

Hoja hii ina uzito zaidi mahali kama Laela, mkoani Rukwa, palipo mbali na Dar es Salaam. Mwenye shodani anayefundisha mahali kama hapo, akiwa peke yake, hana wa kumsahihisha kila siku. Inampasa kuwakinga wanafunzi na majeraha, kuwakanya wanaotaka kutumia mbinu katika ugomvi, na kukiri mipaka ya ujuzi wake. Asipotimiza hayo, mkanda wake hubaki kuwa kitambaa tu.