Shangazi, Baba wa Kike

Pale Soy, kwenye njia kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale, mtoto wa Kinandi humwita dada wa babaye senge, na jirani yake wa Kiluhya humwita wake senje. Na ajabu haipungui mtu akumbukapo kuwa Kiluhya ni Kibantu na Kinandi ni Kinailoti, lugha mbili zisizo na nasaba moja. Waganda nao husema ssenga, na sisi shangazi. Wanazuoni wa lugha hulirejesha jina la shangazi kwenye Kibantu cha kale, ambamo kipande chake cha awali ni baba, na cha pili, kile tunachokikuta hata leo katika mkaza mwana, ni mwanamke. Basi shangazi ni baba wa kike, na aliyemwona akishauriwa katika posa, na kauli yake ikapita, hatalikanusha jina hilo.

Ndugu wa kiume wa baba, kwa upande wake, tumempa jina la Kiarabu, ami, ambalo ndilo lililomzaa binamu. Kwani sharia ilipoingia pwani na hukumu zake za mirathi ilikuja na majina yake, mahari na talaka yakiwa miongoni mwao, ingawa kuoa, mume, mke na mkwe vilibaki vyetu tangu asili. Mjomba naye, Wanandi humwita mama, na mgeni kutoka pwani asipotahadhari atadhani anatajiwa mzazi wa kike.

Lakini neno ninalolisikitikia ni umbu, yaani ndugu asiye wa jinsia yako, ambalo vijana wetu hawalijui tena. Wabaski wa mpakani mwa Hispania na Ufaransa wameihifadhi tofauti hiyo: dada wa mwanamume ni arreba, na dada wa mwanamke ni ahizpa. Sioni kwa nini sisi tuiache ipotee.

Kwa Wanandi jina la mume lenyewe laweza kuvaliwa na mwanamke: asiyejaliwa mwana wa kiume, umri wa kuzaa ukisha kumpita, hutoa mahari, akaoa mke, na watoto wa mke huyo wakawa warithi wa nyumba yake. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika shauri la mirathi, iliikubali ndoa ya namna hiyo, ikamhesabu mke aliyeolewa pamoja na wanawe kuwa jamaa wa marehemu wenye haki ya kurithi.