Je, Wajua? Nakuru na Dawa Isiyouzwa Dukani

Je, wajua kwamba Menengai ina waumini wake? Ndani ya kreta hiyo iliyo juu ya jiji la Nakuru kuna mapango ambamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali huingia kufunga na kuomba, wengine kwa siku kadhaa mfululizo. Huenda na mambo yaliyowashinda: ndoa iliyoyumba, kazi isiyopatikana, ugonjwa usiosikia dawa. Wala habari za roho mahali hapa hazikuanza na makanisa. Masimulizi ya Wamaasai husema kwamba wapiganaji wa Ilaikipiak walioshindwa vitani katika karne ya 19 walitupwa humo, na mvuke unaofuka kutoka chini ni roho zao zikitafuta njia ya kwenda mbinguni. Leo mvuke huohuo unachimbiwa visima vya jotoardhi. Simama ukingoni, mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, utazame shimo lenye ukubwa wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na utaelewa kwa nini mtu aliyelemewa huona hapa ndipo pa kusemea.

Je, wajua kwamba mgonjwa aliyepasuliwa huenda akapona upesi akiona miti dirishani? Mtafiti Roger Ulrich alilinganisha kumbukumbu za wagonjwa 46 waliotolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu walilala wakitazama miti, nusu wakitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walikwenda nyumbani karibu siku moja mapema, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1984. Kwangu mimi, tangu hapo hakuna udhuru wa kujenga wodi inayotazama ukuta huku miche ya miti ikiuzwa kando ya barabara.

Je, wajua kwamba serikali ya Japani ilianza kuwahimiza raia wake watembee taratibu msituni kwa ajili ya afya mwaka 1982?

Na je, wajua kiasi kinachotosha? Utafiti wa mwaka 2019 uliohusu karibu watu 20,000 nchini Uingereza uliona kwamba waliokaa penye miti, mito au fukwe kwa dakika 120 au zaidi kwa wiki, ziwe kwa mkupuo mmoja au vipande vipande, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusema kwamba wana afya njema na wametulia kuliko wasiokwenda kabisa. Saa mbili tu. Mechi moja ya mpira na mapumziko yake hukaribia kumaliza muda huo.

Je, wajua kwamba watu wa kale wa hapa Nakuru walikuwa na mahali pao pa kupumzikia? Katika miamba ya Hyrax Hill, kilomita chache kutoka katikati ya jiji, kumechongwa mashimo ya bao. Mary Leakey alianza kuchimbua kilima hicho mwaka 1937, na mwaka 1943 kikatangazwa kuwa kumbukumbu ya kitaifa. Zamani ziwa lilikuwa kubwa zaidi, na maji yalifika hadi chini ya kilima. Hebu wafikirie wachezaji hao: kete mkononi, ziwa likionekana kwa mbali.

Je, wajua kwamba kumwona au kumsikia ndege kunaweza kukuinua moyo hadi saa 8 baadaye? Watafiti wa King's College London waliripoti hivyo mwaka 2022, baada ya kufuatilia watu 1,292 kwa simu zao, wakiwemo wenye sonona. Habari hii ina uzito wa pekee kwa Nakuru. Kiingilio cha Hifadhi ya Ziwa Nakuru si kila familia inayoweza kukimudu, lakini ndege hawazuiwi na ua. Waliomo kwenye mgunga wa mtaani kwako nao wanahesabika.

Je, wajua kwamba rangi ya heroe hutoka tumboni? Weupe wake hugeuka waridi kwa sababu ya mwani anaochuja kutoka maji ya magadi. Mvua kubwa zikijaza ziwa, magadi hupungua makali, mwani hupungua, na heroe huhamia Bogoria au kwingine. Ndivyo ilivyokuwa Ziwa Nakuru lilipoanza kufura mwaka 2010 hivi, hadi likameza lango kuu la hifadhi. Mwaka 2011 maziwa ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yaliingizwa pamoja katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na ni sahihi kabisa kuyataja pamoja: kwa heroe, hayo ni makao mamoja yenye vyumba vitatu.

Je, wajua kwamba wasafiri wengi husimama Kikopey kula nyama choma bila kujua kwamba karibu hapo, kwenye ufuo wa Elementaita, kuna chemchemi za maji moto? Watu huenda kujiloweka wakitumaini kupona maradhi yao. Maji ya moto hulegeza misuli iliyokaza, na mtu hutoka mwepesi. Anayekwambia yanaponya kila ugonjwa anakupotosha. Usiache vidonge vyako kwa ajili ya maji hayo.

Je, wajua kwamba Hell's Gate, karibu na Naivasha, ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga?

Je, wajua kwamba mahakama ya Afrika imekwisha kutambua msitu kuwa mahali pa ibada? Mei 26, 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwafukuza katika Msitu wa Mau. Miongoni mwa haki hizo ni uhuru wa dini, kwa sababu sehemu zao za kuabudia zimo ndani ya msitu huo. Juni 23, 2022, mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia ya shilingi milioni 157.85. Waogiek hutundika mizinga mitini, na asali yao ni chakula, ni dawa, na ni kitu cha kupelekwa penye mahari na matambiko. Ukimtoa Mwogiek msituni unamnyang'anya pia kanisa lake na duka lake la dawa. Na sisi wa bondeni tunahusika moja kwa moja: Mto Njoro, unaoingia Ziwa Nakuru, unaanzia Mau Mashariki, ambako mwaka 2001 serikali iliondoa sehemu kubwa ya ardhi katika misitu iliyolindwa.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai aliishi karibu na Nakuru utotoni? Familia yake ilihamia huko mwaka 1943, baba yake akifanya kazi katika shamba la mlowezi, na mwaka 1947 yeye akarudishwa Nyeri. Alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977, na mapigano ya kikabila yalipolivuruga Bonde la Ufa mapema miaka ya 1990, aliwapelekea walioumizwa miche ya amani. Katika hotuba ya Nobel ya mwaka 2004 alieleza jinsi wazee wa Kikuyu walivyoweka fimbo ya mti wa thigi kati ya wagombanao, nao wakaacha kupigana. Mwaka 2010 aliandika kitabu kizima juu ya hili: anayeiponya ardhi anajiponya mwenyewe. Alipofariki mwaka uliofuata, jeneza lake lilifumwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Je, wajua kwamba Kenya imewahi kuomboleza kwa kupanda miti? Alfajiri ya Aprili 29, 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli yalilibomoa na kushukia vijiji vya Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru. Zaidi ya watu 40 walifariki, wengine wakiwa wamelala. Mei 10 ikatangazwa kuwa siku ya mapumziko ya taifa, ili wananchi wawakumbuke waliokufa katika mafuriko nchini kote kwa kupanda miti. Naona uamuzi ule ulikuwa wa busara, maana mlima uliovuliwa miti hauyazuii maji, na mikono ya mfiwa huhitaji kazi. Lakini mche uliopigwa picha ukaachwa bila maji haumliwazi yeyote.

Kama moyo wako umelemewa wiki baada ya wiki, usingizi haupo na chakula hakipiti, nenda hospitali umweleze daktari. Matembezi yatamsaidia daktari, hayatachukua nafasi yake. Na kama ulipanda mche ile Mei 10, rudi ukautazame. Ukiukuta umekauka, panda mwingine.