Jina ni ya Kijana, Stori ni ya Bosi

Mbogi ya vitabu ikianza kubonga kuhusu Mort, ile novo ya Terry Pratchett ya 1987, ngori huanzia hapo hapo: hii stori kwani ni ya nani? Kava inasema ni ya Mort, kijana wa shamba mwenye miguu mirefu na maswali mob. Buda yake, Lezek, anampeleka soko ya vijana kutafutiwa kazi. Wenzake wanabebwa mmoja mmoja, yeye anabaki amesimama kwa baridi hadi usiku wa manane. Hakuna msee anamtaka. Kufika saa sita, farasi mweupe huyo, na juu yake bosi wa joho nyeusi, ndani mifupa tupu. Kifo mwenyewe. Anatafuta msaidizi, na anapeana janta papo hapo. Buda anadhani kijana ameokotwa na msee wa mazishi, ye huyo anarudi home ameridhika.

Manze, ukifika hapo ushajua nani anaiba shoo. Kifo wa Pratchett si wa kutisha watoi. Anapenda paka. Anamanga kari. Akiongea, maneno yake yanachapishwa kwa herufi kubwa tupu, bila alama za kunukuu, na bado unamskia sauti kichwani. Farasi wake anaitwa Binky, na ni nyama na damu, ju alishajaribu farasi wa mifupa, ikawa kila saa anasimama kufunga vipande na waya, kama msee wa nduthi akirudisha cheni kando ya barabara. Na siku ya kwanza job, unadhani Mort anafunzwa siri za ulimwengu? Anashikishwa sepeto atoe mavi kwa zizi.

Sasa, wale hukosoa hii kitabu wana pointi, na mimi siwapingi sana. Mapenzi ya humo ndani ni ya haraka haraka. Mort anaanza kwa kummezea Keli, binti mfalme wa Sto Lat, hadi siku ya kumchukua roho anashindwa, anamdedisha muuaji badala yake. Hapo ndio uhalisia unapasuka: historia inasema dem ameshakufa, dem mwenyewe anatembea ikulu na watu wanamsahau akiwa mbele yao. Inabidi aajiri mchawi, Cutwell, kazi yake ni kukumbusha raia ati malkia wao yuko hai. Hiyo sehemu ni moto. Lakini Ysabell, yule binti Kifo alichukua akamlea, amekuwa miaka kumi na sita tangu zamani ju kwa keja ya Kifo wakati hausongi, yeye na Mort ni matusi tu kurasa baada ya kurasa, alafu ghafla wanapendana. Ilitoka wapi? Hata wale wanaipenda hii kitabu hukwama hapo. Na mwisho (kama hujasoma, ruka hii sentensi) Kifo anamshinda Mort kwa vita, alafu anaigeuza tu ile glasi ya mchanga ya maisha yake, mambo yameisha. Wengine huita hiyo huruma. Wengine husema mwandishi alikuwa anakimbizana na deadlaini.

Mimi naichorea hiyo yote kwa sababu ya likizo ya Kifo. Mtoi akishaachiwa kazi, bosi anahepa kwenda mji wa Ankh-Morpork kutafuta raha yenye watu huongelea. Anavua samaki. Anadensi. Anapiga keroro. Mwishowe anaingia kwa ofisi ya msee wa kutafutia watu kazi, na hapo kama umewahi kutarmac na bahasha ya kaki mkononi utacheka hadi uumwe. Umekuwa ukifanya nini? Kuchukua roho. Kwa muda gani? Tangu mwanzo. Kuna ujuzi mwingine? Msee ana ekspiriensi ya kila kitu kiliwahi kuishi na bado fomu haina kisanduku chake. Anaishia kupika kwa Harga's House of Ribs, kibanda cha mafuta mengi, mayai yanarushwa, masahani yanatoka chap chap. Na huko, kati ya moshi na paka, jamaa ana furaha. Kama kuna kurasa zingine za vichekesho vya fantasia zinashinda hizo, nionyeshe.

Ukitoka The Colour of Magic, novo ya Pratchett ya 1983, utashangaa, ju huko Kifo alikuwa na roho mbaya kiasi. Kwa Mort ndio alipata utu, na wasomaji wakamshika hivyo. Pratchett alishasema alipokea barua kutoka kwa watu wanakaribia kufa, wakisema wanatumai watakutana na huyu Kifo wake. Pratchett mwenyewe alitangaza Desemba 2007 ati ana Alzheimer's, na alipofariki Machi 12, 2015, akaunti yake ya Twitter iliandika kwa herufi kubwa, sauti ya Kifo. Hakuna mtu alihitaji kuelezewa nani amekuja.

Waingereza walipopiga kura ya BBC ya vitabu wanavipenda, 2003, Mort ilikuwa namba 65, juu ya vingine vyote vya Pratchett. Lakini ukiuliza wale wamesoma mob, wengi watakutumia Reaper Man, 1991. Huko Kifo anafutwa kazi kabisa, anaenda shambani kwa Miss Flitworth, anajiita Bill Door, anakata nyasi unyasi mmoja mmoja. Kwa upande wa Kifo hiyo ni kali kushinda, nakubali. Shida ni nusu ingine: wachawi wakipigana na vikapu vya magurudumu vya supamaketi, na hapo hata mabeshte wangu wa kusoma kila kitu huruka kurasa.

Kwa hivyo ukipatana na Mort pale inama, ile ya kava ya Josh Kirby yenye rangi zinapigana, bargain bei ufike nayo home. Anza na hiyo. Na nyinyi wa kusema Hogfather, ile novo ingine ya Kifo, ndio baba yao wote, mniache kwanza nimalize, sai niko katikati.