Mgongo Ukinyooshwa Ughaibuni

Mzazi wa Gisenyi akiona bega moja la bintiye limepanda kuliko la pili, huanzia hospitali ya wilaya, kisha hukata tiketi ya basi la Kigali, saa tatu hivi za kona za milimani. Picha ya eksirei ndiyo huamua. Mpindo ukifika nyuzi 10 huitwa skoliosisi. Ukikaribia 50, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji, na hapo ndipo India au Ghana hutajwa.

Daktari hukaza skrubu kwenye pingili, huziunganisha kwa vyuma viwili, kisha hupandikiza vipande vya mfupa ili pingili zishikane daima. Mishipa mikuu ya fahamu iko milimita chache tu kutoka hapo. Ikijeruhiwa au ikikosa damu, mtoto huweza kuzinduka kwenye nusukaputi miguu haisogei. Kwa mipindo ya kawaida ya vijana, hilo humpata mgonjwa chini ya mmoja katika 100. Mipindo mikali ina hatari kubwa zaidi, na watoto wengi wa Afrika hufika kwa daktari wamechelewa.

Hospitali ya FOCOS, iliyofunguliwa Accra mwaka 2012 na daktari Mghana Oheneba Boachie-Adjei, hupokea hata mipindo inayozidi nyuzi 100, wakiwemo vijana wa Ethiopia wanaopelekwa na daktari Rick Hodes. Wengi wao hufungwa kwanza pete ya chuma kichwani, ikavutwa kwa uzito kwa wiki kadhaa, hata miezi, mgongo ulegee taratibu kabla ya kisu. Mzazi akiambiwa hivyo, asidhani anazungushwa: muda huo unamlinda mwanawe asipooze.

Kinachosahaulika ni maisha baada ya ndege kutua Kigali. Safari ndefu yenyewe huweza kugandisha damu miguuni. Usaha huweza kujitokeza mwaka mmoja au miwili baadaye. Mfupa usiposhikana, chuma huchoka na kukatika, maumivu yakarudi. Daktari wa Gisenyi atakayempokea mtoto huyo hajui ni skrubu za aina gani zilizomo wala zilikazwa pingili zipi, isipokuwa familia imerudi na ripoti ya upasuaji, picha zote na namba ya simu ya aliyepasua.

Michango ya ukoo na kanisa kwa kawaida hukusanywa kwa safari moja. Kabla ya kuondoka, familia iulize waziwazi: chuma kikikatika, nani atalipia upasuaji wa pili, na utafanyika wapi?