Mtoto Aliyepatia Akaambiwa Amekosea

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi tulikuwa tumeketi barazani kwa ndugu yetu mmoja mjini Tanga, tukingoja kahawa, mara akatoka ndani binti yake mwenye umri wa miaka 11, simu ya mama yake mkononi na uso umemwiva kwa hasira. Mwalimu wao alikuwa amewaelekeza wanafunzi katika tovuti moja ya mafumbo na michezo ya hesabu, na fumbo la siku ile lilikuwa hili: Mtu amepewa shilingi 100 anunue ndege 100, wala asirudi na senti. Bata mmoja ni shilingi 5, kuku mmoja ni shilingi 1, na shomoro 10 ni shilingi 1. Atanunua wangapi wa kila namna?

Binti alikuwa ameandika bata 18, shomoro 80 na kuku 2. Mashine ikamtolea alama nyekundu na neno moja tu: umekosea.

"Baba, nimehesabu mara tatu," alisema.

"Basi hesabu mara ya nne," babaye akamjibu. "Mashine haikosei, mwanangu."

Sisi tuliomba kalamu. Bata 18 kwa shilingi 5 ni shilingi 90. Shomoro 80 ni shilingi 8. Kuku 2 ni shilingi 2. Jumla shilingi 100. Na ndege 18, na 80, na 2, ni ndege 100. Binti alikuwa amepatia. Tulipobonyeza mahali pa kuonyesha jibu, likatoka jibu la mwenye tovuti: bata 9, shomoro 40, kuku 51. Tukalijumlisha na hilo, nalo ni sahihi. Fumbo lilikuwa na majibu mawili, na aliyelitunga alilijua moja.

Ndugu wasomaji, huenda mkasema ya kwamba hili ni jambo dogo, mchezo wa watoto, lisilostahili kurasa za gazeti. Sisi hatuoni hivyo. Tazameni lililotukia barazani pale: mtoto alisema kweli, akaionyesha kwa hesabu, na mashine ikamkadhibisha, kisha baba naye akaisadiki mashine. Mtoto akikaa mwaka mzima katika hali hiyo atajifunza ya kwamba hesabu ni kubahatisha yaliyomo ndani ya mashine, wala si kupima jambo kwa akili aliyopewa na Mwenyezi Mungu. Hapo ni heri asingefunguliwa tovuti hiyo kabisa.

Fumbo lenyewe si la jana. Katika karne ya tatu ya Hijra aliishi Misri mwanahisabati mkubwa, Abu Kamil Shuja bin Aslam, aliyezaliwa yapata mwaka 850 wa miladi, akafuata nyayo za al-Khwarizmi katika elimu ya al-jabri na kuipanua. Miongoni mwa vitabu vyake kimo kimoja kidogo juu ya mafumbo ya ndege. Fumbo lake la kwanza ni hili la bata, kuku na shomoro, kwa dirham 100 na ndege 100, ila kwake shomoro waliuzwa 20 kwa dirham 1. Tofauti hiyo ya 20 na 10 yaonekana si kitu, nayo ndiyo yenye siri yote.

Fikirini hivi. Kuku mmoja ni dirham moja, basi kuku hazidishi wala hapunguzi. Bata mmoja ni dirham 5, kwa hiyo kila bata huzidisha dirham 4 juu ya idadi yake. Shomoro 20 ni dirham 1, kwa hiyo kila kundi la shomoro 20 hupunguza 19. Ili zidio na punguo vilingane, yapasa tuchukue bata 19, ambao huzidisha 76, na makundi 4 ya shomoro, ambayo hupunguza 76. Bata 19 na shomoro 80 ni ndege 99. Tukiongeza kuku 1 tumetimiza 100. Tukitaka kuongeza maradufu tutapita ndege 100, basi jibu ni hilo peke yake. Lakini mkiuza shomoro 10 kwa shilingi 1, kila kundi hupunguza 9 tu. Bata 9 hulingana na makundi 4, na bata 18 hulingana na makundi 8, na yote mawili yamo ndani ya mia. Ndipo lilipozuka jibu la pili, lile la binti wa Tanga.

Na la kustaajabisha ni kwamba Abu Kamil aliandika kitabu kile kwa sababu ya kosa la namna hii hii. Katika utangulizi wake aeleza ya kuwa aliwaona watu, wenye elimu na wasio na elimu, wakijibu mafumbo haya kwa haraka na kutosheka na jibu moja, ilhali fumbo moja laweza kuwa na jibu moja, na jingine majibu mengi, na jingine lisiwe na jibu hata kidogo. Yeye mwenyewe alikuta fumbo lenye majibu 2,676. Alipowaeleza watu, wale wasiomjua walimshuku. Basi akaketi, akaandika kitabu. Zaidi ya miaka 1,000 imepita, na bado twatosheka na jibu moja.

Tulimwandikia barua pepe mwenye tovuti ile, kwa adabu, tukimpelekea hesabu ya binti. Baada ya majuma mawili akatujibu, naye ni mwalimu ambaye huifanya kazi hiyo usiku baada ya kusahihisha madaftari. Alitueleza kisa chote. Mchezo wake wa zamani ulikuwa na shomoro 20, na jibu lilikuwa moja. Kisha chombo alichoutengenezea kikafa, akalazimika kuiandika michezo yake yote upya, na katika kuandika upya akaona 20 ni nyingi kwa watoto, akaweka 10. Akatafuta jibu, akalipata, akashukuru, akalala.

Jambo hili la chombo kufa lahitaji maelezo, kwa kuwa wazazi wengi hudhani tovuti ikisha kujengwa imejengwa, kama nyumba ya mawe. Si hivyo. Kwa miaka mingi michezo mingi ya elimu katika intaneti iliandikwa kwa chombo kiitwacho Flash, mali ya kampuni ya Adobe. Mnamo Julai 2017 kampuni hiyo ilitangaza kwamba itaacha kukihudumia. Tarehe 31 Desemba 2020 ikaacha, na tarehe 12 Januari 2021 ikakizuia kisiendeshe kitu tena. Sababu zilikuwapo: chombo kilikuwa na nyufa nyingi ambazo wahalifu walizipenya, nacho hakikufaa katika simu. Lakini asubuhi moja mwalimu aliyetumia miaka kumi kutunga michezo alifungua kurasa zake akakuta viraka vitupu. Wako wapenzi wa michezo ya zamani ambao tangu 2018 walianza kuikusanya katika ghala liitwalo Flashpoint, nao wameokoa zaidi ya 100,000. Ni kazi njema. Lakini ghala huhifadhi tu. Halisahihishi kosa, wala halimjibu mtoto aulizaye.

Msiba kama huo ulikwisha kutokea kabla. Mnamo Oktoba 1996 mwanahisabati Alexander Bogomolny, aliyezaliwa Moscow mwaka 1948 na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani, alianzisha tovuti aliyoiita Cut the Knot, yaani kata fundo. Wakati huo intaneti ilikuwa ngeni hata kwa wasomi. Aliijaza mafumbo, michezo na maelezo kwa ajili ya walimu, wazazi na wanafunzi, bila malipo, na ndani yake akatia vijiprogramu vya Java, ambavyo msomaji aliweza kuvichezea: kuivuta pembe ya pembetatu, kuisogeza duara, na kuona kwa macho yake lipi hubadilika na lipi hubaki. Vivinjari, yaani zile programu zifunguazo kurasa za intaneti, vilikuja kuifungia milango Java: Chrome mnamo Septemba 2015, Firefox mnamo Machi 2017. Picha zilizokuwa zikitembea zikasimama.

Lakini ukurasa mmoja wa Bogomolny watufunza kuhuisha tovuti kulivyo hasa. Ni ukurasa wa kanuni ya Pythagoras, ile isemayo kwamba katika pembetatu mraba, miraba ya pande mbili fupi ikijumlishwa hulingana na mraba wa upande mrefu. Thibitisho moja latosha kwa mwenye haja ya kanuni tu. Yeye aliendelea kuongeza: thibitisho la James Garfield, lililochapishwa mwaka 1876, miaka mitano kabla hajawa Rais wa Marekani, mathibitisho ya wahenga wa Ugiriki, Uhindi na Uchina, na mengine mengi aliyopelekewa na wasomaji wake, hata yakapita 100. Kila lililoletwa ilimpasa alisome, alipime, aangalie si lile lile lililovishwa nguo nyingine, kisha aliandike pamoja na jina la mwenyewe. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 20, akafariki tarehe 7 Julai 2018. Maneno na hesabu alizoziandika hazikuhitaji Java. Zilisomeka vile vile hata baada ya vijiprogramu vyake kunyamaza, kama mafumbo ya Abu Kamil yanavyosomeka leo.

Chuo Kikuu cha Cambridge nacho kilianzisha mwaka huo huo wa 1996 mradi wa mafumbo ya hesabu kwa watoto wa shule, uitwao NRICH. Desturi yao tuliipenda tuliposikia habari zake: hutoa fumbo bila jibu, huwaachia watoto muda, na watoto huwapelekea njia walizotumia, kisha zile njema huchapishwa, hata zikiwa tatu au nne kwa fumbo moja. Desturi hii yatukumbusha vitendawili vyetu. Asiyeweza kukitegua hapewi jibu bure. Huambiwa, "Nipe mji," naye akiisha kutoa mji ndipo huambiwa. Bibi zetu walijua ya kwamba jibu lisilogharimu kitu halikai kichwani. Tovuti iwekayo kidude cha "onyesha jibu" chini ya swali, pasi na kumngojesha mtoto hata kidogo, imewazidi bibi zetu kwa mashine, nao wameizidi kwa ualimu.

Yako na mambo ya fedha, ambayo hatutayarefusha. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka, na mahali pa kuhifadhi kurasa hukodiwa. Ndiyo maana tovuti nyingi zisizotoza ada huishi kwa matangazo. Chini ya fumbo la ndege tuliliona tangazo la kamari ya mpira. Juu mtoto afundishwa kuhesabu asikisie, na chini aitwa akatupe fedha katika jambo tulilokatazwa! Mwalimu yule aliapa hakulichagua, na twamsadiki, kwani matangazo huletwa na kampuni za matangazo, nazo humwonyesha kila mtu lake. Lakini kampuni nyingi za namna hiyo humruhusu mwenye tovuti kuzuia aina asizozitaka, naye hakuwa ametazama. Sasa amezuia. Baba au mama asione haya kumwandikia mwenye tovuti juu ya jambo hili, huenda hajui.

Barua yake ilimalizika kwa kusema ya kwamba mchezo umeandikwa tena, na kwamba sasa mashine haina jibu moja lililofichwa. Yahesabu yenyewe: ndege wakiwa 100, na shilingi zikiwa 100, na kila namna imo, jibu lakubaliwa, lolote liwalo, kisha mtoto huulizwa kama ameona na jingine. Ametuambia ni mistari michache tu ya programu, na kwamba aliona haya kuwa hakuifanya hivyo tangu mwanzo.

Tuliipeleka barua ile barazani. Babaye aliisoma, akaisoma tena, kisha akamwita bintiye.

"Bibie, ulipatia."

"Nilikwambia, baba," alisema, wala hakuketi kupokea sifa, kwa maana alikuwa na lake. Alitaka kujua mambo yangekuwaje kama bata wangekuwa shilingi 4 badala ya 5, na kuku na shomoro wakabaki kwa bei zile zile za tovuti, ndege 100 na shilingi 100, na kila namna lazima inunuliwe. Alikuwa ameyahesabu majibu yote na kuyaandika nyuma ya daftari lake, akafunika idadi kwa kiganja. Tumeomba ruhusa yake tulichapishe fumbo hilo hapa, naye ametupa kwa sharti moja, kwamba atakayeleta jibu moja tu asiambiwe amekosea, bali atakiwe mji.