Mtama Hungoja, Mahindi Hayangoji

Ndugu mkulima wa Mwadui, Kishapu na vijiji vya jirani, leo tuzungumze juu ya jambo unaloliona kwa macho yako. Mvua za kwanza zinanyesha, unapanda, mimea inaota vizuri. Halafu ikifika Januari au Februari mvua inakata, wiki mbili, pengine tatu. Mahindi yananyauka, na mtama ulio mpakani unabaki na ukijani wake. Kwa nini? Mvua ni ileile na udongo ni uleule.

Tuanze na mahindi. Hatari yao kubwa iko katika siku chache za kutoa mbelewele na ndevu. Unga wa mbelewele ni lazima uangukie ndevu zikiwa bado mbichi, maana kila unywele mmoja huzaa punje moja. Maji yakikosekana, ndevu huchelewa kutoka. Zikitoka, unga umekwisha kumwagika. Ndipo unapovuna gunzi lenye punje za kuhesabu. Mvua ikirudi baadaye, bua litapendeza, lakini ghalani hakuna kitu.

Mtama una tabia nyingine. Sugua bua lake kwa kidole, utaona kama unga mweupe. Hiyo ni nta, nayo huzuia maji yasipotee. Jua likizidi, majani hujikunja ili yasichomwe. Mizizi yake, mingi na myembamba, hushuka chini zaidi ya mita moja. Na kubwa kuliko yote, ukame ukiukuta kabla haujachanua, mtama husimama ukangoja. Mvua ikirudi, unaendelea pale ulipoachia. Sisemi kwamba mtama haushindwi. Ukame ukija wakati wa kujaza punje, mavuno hupungua. Lakini kupungua si sawa na kukosa kabisa.

Najua utaniuliza, "Bwana shamba, na ndege je?" Swali la haki. Kwelea kwelea ni adui mkubwa, na watoto siku hizi wako shuleni, hawakai shambani kufukuza ndege. Kwa hiyo kubalianeni na majirani mpande wakati mmoja. Shamba la mtama lililo peke yake ndilo linaloliwa lote. Tafuta pia mbegu inayowahi kuiva, kama Macia, ambayo ni fupi na punje zake ni nyeupe.

Sasa udongo. Luseni, ule mchanga wa juu, haushiki maji wala rutuba. Usiutwishe mahindi matupu. Muhogo huuweza, kwa sababu wakati wa kiangazi hupukutisha majani na kupumzika, na mizizi yake husaidiwa na ukungu mwema ulio ardhini kutafuta chakula. Njugu mawe na kunde nazo huuweza. Ng'oa kunde moja inayokaribia kutoa maua, utazame vinundu vya mizizi. Pasua kimoja. Kikiwa chekundu ndani, kinafanya kazi ya kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya mbolea. Tena kunde humdanganya kiduha: mbegu zake zinaota, zisipate mzizi wa kuunyonya, zikafa. Mahali penye kiduha kingi, ujue udongo umechoka. Peleka samadi huko kwanza.

Kwenye mbuga nyeusi mambo ni tofauti. Udongo ule hushika maji mengi, na dengu hujua kuyafuata. Hupandwa mvua zikielekea kwisha, nazo hukua kwa unyevu uliobaki chini, pengine bila kunyeshewa tena. Ukichelewa mpaka ardhi ikaanza kupasuka, umepoteza mbegu.

Neno moja juu ya matuta. Wazee wengi waliyachukia matuta ya kufungwa, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliyalazimisha kwa amri miaka ya 1950. Hasira yao naielewa, lakini tuta lenyewe halina kosa. Ukiweka vizuizi vya udongo kati ya tuta na tuta, maji ya mvua hukaa pale yazame, badala ya kukimbilia bondeni na rutuba yako. Katika luseni yenye mteremko, kazi hiyo inalipa.

Basi msimu huu pima ekari zako. Juu mchangani weka muhogo na kunde, katikati mtama, bondeni mpunga wa majaluba au dengu. Mahindi yapewe kipande chenye samadi na kinachotunza maji, nacho kiwe kidogo.