Etha za Bandia, Wanunuzi wa Kweli

Aprili 22, 2022, mnada wa picha za kidijitali zilizoitwa Akutars ulifunguliwa kwenye blokicheni ya Ethereum. Mwenye kazi hiyo alikuwa Micah Johnson, mchezaji wa zamani wa besiboli wa Marekani aliyegeukia uchoraji. Ulikuwa mnada wa bei ya kushuka: unaanzia juu, kwenye etha 3.5 (etha ndiyo sarafu ya Ethereum), na kadiri dakika zinavyosonga bei inateremka. Bei ya chini kabisa ndiyo ingelipwa na wote, na aliyetangulia kununua kwa bei ya juu angerudishiwa kilichozidi. Picha zikanunuliwa, chenji ikarudi kwa wenyewe. Wenye mnada walipokwenda kuchukua mapato yao, programu iliyouendesha mnada ikawakatalia. Zilikuwa etha 11,539, yaani takriban dola milioni 34 kwa bei ya siku zile. Bado zimo humo, na hakuna awezaye kuzitoa.

Chanzo chake kinatia hasira kwa udogo wake. Programu iliandikwa hivi: mwenye mnada asiguse fedha mpaka idadi ya waliorudishiwa chenji ifikie idadi ya madau. Kanuni nzuri, inamlinda mnunuzi. Lakini chenji ilihesabiwa kwa mtu, na madau yakahesabiwa kwa picha. Watu walikuwa 3,669, picha 5,495, kwa kuwa wapo walionunua zaidi ya moja. Programu ikasubiri 3,669 iwe 5,495.

Sasa fikiria jaribio la mnada kama huo kabla ya kufunguliwa. Wahandisi wanaitana, kila mmoja ananunua picha moja, chenji inarudi, mapato yanatoka, wote wanashangilia. Hesabu ya watu na hesabu ya picha zimelingana, basi kosa halionekani. Lingefichuliwa na mjaribu mmoja tu mwenye tamaa, wa kununua mbili.

Hapo ndipo majaribio ya minada hii yanapopwaya. Yanathibitisha kwamba mtu mwema, akifuata maelekezo, atafika mwisho salama. Mnada wenyewe unaendeshwa na watu wa namna nyingine kabisa: mlafi, msahaulifu, mwizi, na yule anayekuja dakika ya mwisho akiwa na haraka. Dalali wa kawaida huwaona hao kwa macho. Akisikia dau la ajabu husita, akikosea hesabu hujisahihisha, na nyundo haianguki mpaka aiangushe. Programu iliyowekwa kwenye blokicheni haina kusita. Isipokuwa imeandikwa tangu awali kwa namna ya kuruhusu marekebisho, hata aliyeiandika hawezi tena kubadilisha mstari mmoja.

Uwanja wa mazoezi upo. Ethereum ina mitandao ya majaribio inayofanya kazi kama ule mkuu, ila etha zake hazina thamani. Hugawiwa bure kwa anayeziomba. Kadhaa ilipewa majina ya vituo vya treni: Ropsten na Rinkeby ni vya Stockholm, Sepolia ni cha Athens. Ubure huo ndio faida yake na ndio ugonjwa wake. Mtu asiye na cha kupoteza haogopi kubonyeza, hasomi onyo, hakeshi akilinda dau lake. Tena uwanja wenyewe huchafuliwa kirahisi: Februari 2017 Ropsten ilifurikwa na miamala ya hujuma hadi ikawa haitumiki, kwa kuwa haikugharimu kitu kikubwa kuihujumu.

Hujuma hiyo ilitokea wakati mbaya kwa kundi lililokuwa likiandaa mnada mgumu kuliko wa Akutars. Ethereum Name Service, chini ya mhandisi Nick Johnson, ilitaka kunadi majina yanayoishia na .eth, ambayo hutumika badala ya anwani ndefu za namba na herufi. Dau liliwekwa kwa siri. Kwa siku tatu mnunuzi alituma muhuri wa kihesabu unaoficha kiasi chake; kwa siku mbili zilizofuata alitakiwa kurudi na kukifunua. Mshindi alilipa bei ya aliyemfuatia, si yake mwenyewe. Na asiyerudi kufunua? Alipoteza karibu dau lote.

Mnada ulifunguliwa Machi 14, 2017. Haukumaliza siku mbili: kasoro ziligunduliwa kwenye programu, ukafungwa, ukaandikwa upya na kurudi Mei 4. Walichofanya vizuri, na hakisifiwi kinavyostahili, ni kujiachia mlango wa kurudi nyuma. Ufunguo wa juu wa mfumo ulishikwa na watu saba, na wanne kati yao wakikubaliana wangeweza kuondoa programu mbovu. Majina nayo hayakumwagwa sokoni siku moja. Yalifunguliwa kidogokidogo kwa wiki nane. Kwa maneno mengine, wiki za mwanzo za mnada wenyewe ziligeuzwa kuwa jaribio, safari hii kwa fedha halisi, na kosa lolote lingekuta majina machache mezani. Na fedha hazikuwa ndogo: jina exchange.eth liliondoka kwa etha 6,660.

Mwaka 2019 majina mafupi yaliponadiwa kupitia soko la OpenSea, tatizo halikutoka kwenye blokicheni kabisa. Lilitoka kwenye sehemu ya kawaida ya kupokea maandishi ya mnunuzi: mtu aliweza kuweka dau kwenye jina moja akapewa lingine. Majina 17 yalichukuliwa hivyo, likiwamo apple.eth. Waliochukua waliombwa wayarudishe kwa ahadi ya asilimia 25 ya bei ya mwisho ya mnada. Mkaguzi anayetazama programu ya mnada peke yake, akauacha mlango wa mbele, hawezi kuona kitu kama hicho.

Kuna jambo moja ambalo hata mjaribu mjanja kabisa hukosa: msongamano. Mfumo wa Maker ulikopesha sarafu iitwayo DAI kwa rehani ya etha, na thamani ya rehani iliposhuka mno, ilinadiwa papo hapo. Wanunuzi wengi walikuwa roboti. Machi 12, 2020, masoko ya dunia yakiporomoka kwa hofu ya korona, bei ya etha ilianguka zaidi ya theluthi kwa siku moja. Kila mtu alikimbilia mtandao kwa pamoja, ada za miamala zikapaa, na roboti zilizozoea ada za siku tulivu zikabaki foleni. Mnada ulidumu dakika kumi. Waliofanikiwa kupita waliweka dau la DAI sifuri, na kwa kuwa hakuna aliyewazidi, walishinda. Rehani ya zaidi ya dola milioni 8 ikaondoka bure.

Hakukuwa na mstari uliokosewa. Programu ilitekeleza kila ilichoagizwa. Dakika kumi zilitosha kabisa mtandao ukiwa mtupu, na mtandao wa majaribio karibu kila mara ni mtupu. Kuupima mnada wa aina hii kungehitaji kuujaza mtandao kwa makusudi, kuzima nusu ya roboti, kisha kutazama nani amebaki mezani na ametoa kiasi gani. Baada ya hasara hiyo muda wa mnada uliongezwa hadi saa sita. Mwaka 2021 Maker waliachana na utaratibu huo, wakahamia kwenye mnada wa bei ya kushuka, ambamo anayekuja na sifuri mapema hapewi kitu.